Saa Tatu Nachingwea, Sanji Tokyo

Kazi yangu ni makaratasi ya ufuta. Mzigo ukishatoka kwenye maghala ya kusini ukateremka bandarini, mimi ndiye ninayehangaika na vyeti, sampuli, tarehe za meli na simu za wanunuzi. Wahindi na Wachina ndio wanaochukua mzigo mkubwa. Wajapani huchukua kidogo, ila maswali yao hayaishi, na karibu kila swali ni la wakati. Ufuta huu ulikatwa lini? Ulikaa juani siku ngapi? Uliingia ghalani saa ngapi? Wana sababu zao nami naziheshimu. Nchi yao hununua nje karibu ufuta wote inaoutumia, na tangu Mei 2006 sheria yao kuhusu mabaki ya viuatilifu katika chakula haina mchezo: mzigo uliozidi kiwango haupiti.

Ndiyo maana nilianza kujifunza Kijapani, na ndiyo maana nilianzia kwenye saa. Msimu ulipofunguka nikaomba ruhusa ya kwenda Nachingwea na Ruangwa, nikayaone kwa macho mambo niliyokuwa nikiyajibu kwa barua pepe. Daftari la Kijapani nikalitia kwenye begi.

Tiketi ya basi iliandikwa 06:00. Jioni yake konda alipiga simu kukumbusha kwamba gari linaondoka saa kumi na mbili kamili, asiyefika asilaumu. Alfajiri tulikuwa pale wote, na hakuna aliyeuliza ashike lipi, sita ya kwenye karatasi au kumi na mbili ya konda. Mtanzania huisoma sita akaitamka kumi na mbili, wala hahisi kwamba amepiga hesabu. Nalisema hili mapema kwa sababu vitabu vya Kijapani ninavyovipata vimeandikwa kwa Kiingereza, na mwenye kujifunza kwa vitabu hivyo hulazimika kuitoa saa kwenye Kiswahili, aipitishe kwenye Kiingereza, ndipo aitafute kwenye Kijapani. Ni kuzunguka bure. Uwezo wa kubeba saa mbili kichwani tunao tangu utotoni.

Hadi tunavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji nilikuwa nimeishika hesabu yenyewe. Mjapani huchukua namba akaifuatisha na ji: ichiji, niji, sanji. Ya nne hugeuka kidogo, ni yoji. Ya saba ni shichiji na ya tisa ni kuji, kisha jūji, jūichiji, jūniji. Nusu ni han, nayo huja mwishoni kama yetu: sanji han, tatu na nusu. Hata kasoro wanayo. Kuji gofun mae ni tisa kasoro dakika tano. Robo ndiyo hawana. Husema dakika kumi na tano moja kwa moja. Na pale sisi tunapoongeza "hivi", saa tisa hivi, saa nne hivi, wao huongeza goro, tena mahali palepale, nyuma ya saa. Kinachosumbua ulimi ni dakika, kwa kuwa fun hugeuka pun kufuata namba iliyotangulia: ippun, nifun, sanpun, yonpun, gofun, roppun. Hapo hakuna njia ya mkato, ni kukariri.

Nilikuwa nakariri kwa sauti ya chini, lakini mzee aliyekaa kiti cha dirishani alisikia. Alikuwa anarudi Mnero kutoka kwa binti yake. Tulipanda tena garini baada ya chai ya Nangurukuru, akaniuliza ni lugha gani hiyo.

"Kijapani, mzee wangu. Najifunza kutaja saa."

Akafikiri kidogo. "Na wao siku yao inaanzia wapi?"

Swali hilo sikuwa nimelikuta kwenye kitabu chochote, na nadhani ndilo lingepaswa kuwa somo la kwanza. Nilimjibu kwamba siku hizi siku yao inaanza saa sita usiku, kama ilivyo kwenye kalenda za serikali nyingi. "Basi kama Wazungu," akasema, akataka kugeukia dirishani. Nikamwambia haikuwa hivyo siku zote.

Zamani Wajapani waliligawa jua. Kutoka mapambazuko hadi magharibi walihesabu vipindi sita, na kutoka magharibi hadi mapambazuko sita vingine. Mchana ulipokuwa mrefu, vipindi vya mchana vilirefuka na vya usiku vikafupika. Majira yalipogeuka, navyo viligeuka. Mafundi wao walitengeneza saa za kuendana na hali hiyo, na mwenye saa alilazimika kuirekebisha kadiri mwaka unavyosonga. Namba zenyewe zilikwenda kinyumenyume. Adhuhuri ilikuwa tisa, kisha nane, kisha saba, na jua likizama ni sita. Usiku wa kati ulikuwa tisa tena, ikashuka nane, saba, hadi sita ya mapambazuko. Kisha serikali ya Meiji ikatoa amri mwishoni mwa mwaka 1872: kalenda ya zamani na saa ya zamani ziachwe pamoja. Mwezi wao wa kumi na mbili ulidumu siku mbili tu, kesho yake ikawa tarehe 1 Januari 1873, na saa zikawa ishirini na nne zenye urefu mmoja kiangazi na kipupwe. Saa ya nane ya mchana, iliyoangukia karibu na saa nane yetu, imebaki kwenye chakula: mpaka leo mtoto wa Kijapani akipewa kitu cha kutafuna alasiri, kitu hicho huitwa oyatsu, nane.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho. "Sita kwa mapambazuko, sita kwa magharibi," akasema. "Sisi ni kumi na mbili kwa mapambazuko, kumi na mbili kwa magharibi. Hao tulikuwa nao njia moja."

Sijaona kitabu kilicholieleza jambo hili vizuri kuliko alivyolieleza mzee wa Mnero. Tofauti ni kwamba wenzetu waliiacha kwa amri ya serikali, na sisi kila serikali iliyokuja ilitukuta na saa yetu ikaondoka ikatuacha nayo. Wajerumani waliandika ratiba zao, Waingereza wakaandika za kwao, na leo tiketi zinaandikwa 06:00, lakini mdomo wa watu haujahama kwenye jua.

Mingoyo tukaacha bahari. Masasi, pale vilima vya mawe vinapochomoza kando ya mji, tukapinda kuelekea Nachingwea, nayo giza likatukuta njiani.

Ufuta wa kule hupandwa mvua zikishakolea, Januari na Februari, kwa kuwa kusini tuna msimu mmoja wa mvua, si miwili kama pwani ya kaskazini. Mwezi wa tano na wa sita ndio wa kukata. Mama aliyenipokea shambani kwake, nje ya mji, hana kalenda ya kazi hii wala haihitaji. Alinishika mkono akanionyesha shina moja: majani ya chini yamepukutika, maganda ya chini yamegeuka manjano, na moja lilikuwa limeanza kupasuka nchani. "Hili likifunguka, mwanangu, umechelewa siku mbili. Mbegu zinamwagika chini, unavuna maganda." Kwa hiyo hukatwa kabla mmea haujakauka, hufungwa mafungu, na mafungu huegeshwa wima, vichwa juu, yakiegemeana. Hukaa hivyo juani hadi maganda yote yafunguke yakiwa yameelekea mbinguni, mbegu zikiwa bado ndani. Siku ya kukung'uta, turubai hutandikwa, fungu huinuliwa taratibu kama mtoto aliyelala, kisha hupinduliwa kichwa chini kwa mara moja. Sauti yake ni ya mvua ya ghafla juu ya bati. Turubai ndiyo roho ya kazi nzima. Ufuta uliokung'utwa juu ya udongo huokota mchanga, na mchanga huo Mjapani atauona.

Tulikuwa kwenye turubai simu ilipoita. Alikuwa ni dada wa Tokyo ambaye huwa naandikiana naye, anataka kujua kama kweli nimefika shambani. Tulizungumza Kiingereza kama kawaida, lakini nilitaka kujaribu, nikamuuliza kwa Kijapani kwake ni saa ngapi. Ima, nanji desu ka. Akafurahi, akajibu polepole ili nisikie: gogo sanji desu. Saa tatu, baada ya adhuhuri. Na wakati huohuo mama, aliyekuwa akimwita kijana wake alete magunia, akapaza sauti: "Harakisha, saa tatu hii!"

Nilitazama simu. Dar es Salaam 09:00, Tokyo 15:00. Mama alisema tatu na Tokyo ilisema tatu, kwa dakika moja.

Nilikaa kwenye fungu la magunia nikaipiga hesabu upya, na ilisimama. Tokyo iko mbele yetu kwa saa sita. Saa ya Kiswahili nayo iko nyuma ya namba ya kwenye tiketi kwa saa sita. Ukiongeza sita ili ufike Japani, au ukipunguza sita ili urudi kwenye Kiswahili, kwenye uso wa saa wenye namba kumi na mbili unaangukia namba ileile. Mama anapoamka saa kumi na mbili, Tokyo ni jūniji, watu wanakwenda kula chakula cha mchana. Anapofika shambani saa moja, kule ni ichiji. Anapopumzika kwenye kivuli saa sita, jua likiwa utosini, Tokyo ni rokuji ya jioni. Na kwa kuwa Wajapani hawasogezi saa zao kiangazi, kama wasogezavyo Waingereza, jambo hili halibadiliki mwaka mzima. Mswahili yeyote aliyesimama Tanzania, Kenya au Uganda akitaka kujua saa ya Tokyo hana haja ya kutazama popote. Ajiulize saa ngapi kwa Kiswahili, kisha aitamke namba hiyo kwa Kijapani.

Inabidi kuangalia mambo mawili. La kwanza ni kipande cha siku: asubuhi yetu ni alasiri yao, kwa hiyo saa tatu asubuhi hapa ni gogo sanji kule, si gozen sanji. La pili, ulinganifu huu ni wa mtu aliyebaki huku akiwasiliana na mtu aliye kule. Siku nitakayoshuka uwanja wa ndege wa Narita, hiyohiyo sanji ya alasiri nitaiita saa tisa, na itabidi nirudi kwenye kuongeza na kutoa kama kila mtu. Lakini kwa kazi yangu, na kwa kijana yeyote wa Lindi anayetaka kuuza ufuta wake mbali, hali ya kubaki huku ndiyo ya kila siku.

Nilimweleza mama. Hakushangaa sana. "Jua ni moja," akasema, "nyie mnalihesabu tu." Akaniomba nimfundishe ya tatu inavyosemwa. Hadi tunamaliza kukung'uta fungu la mwisho, kijana wake alikuwa anaita ichiji, niji, sanji, yoji kila gunia linaposhonwa.

Nachingwea mjini nilikwenda kumwona bibi mmoja anayefahamika mtaani kwa kukumbuka. Nilitaka kusikia watu wa kule wanavyoitaja miaka, maana Wajapani nao wana namna yao. Bibi alisema alizaliwa wakati wa karanga. Kwa mtu wa Nachingwea hiyo ni tarehe kamili. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa kulima karanga Kongwa, Urambo na hapa; matrekta yakaja, msitu ukafyekwa, reli ikajengwa kutoka pwani, na mwanzoni mwa 1951 serikali ya London ikatangaza kwamba mradi umeshindwa. Reli nayo ilifungwa muda mfupi baada ya Uhuru. Mwana wa kwanza wa bibi alizaliwa reli ikiwa imeshafungwa. Wa mwisho alizaliwa mwaka Wafrelimo walipoondoka. Wapigania uhuru wa Msumbiji walikuwa na kambi yao kubwa hapa Nachingwea tangu katikati ya miaka ya 1960, Samora Machel baadaye akiwa kiongozi wao, na Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975.

Mjapani wa umri wa bibi angezitaja tarehe hizo kwa utawala wa mfalme. Mwaka 1947 kwake ni Shōwa 22, na 1975 ni Shōwa 50. Shōwa iliisha Januari 1989, ikafuata Heisei, na tangu tarehe 1 Mei 2019 ni Reiwa. Hizi si hadithi za wazee. Fomu za serikali yao zinajazwa hivyo hadi leo, na mimi nimewahi kupokea karatasi yenye mwaka Reiwa ikabidi niongeze 2018 ili niuone mwaka ninaoujua. Miezi ndiyo rahisi mno kwetu. Wao hawana Januari wala Februari. Wana ichigatsu, nigatsu, sangatsu, mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, mwezi wa tatu, kama tunavyosema sokoni kila siku ya Mungu.

Kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa njia hupita kwenye mikorosho na mashamba ya mbaazi, na madereva huzungumza habari za madini ya kinywe kama pwani wanavyozungumza bei ya samaki. Nilifika siku ya mnada. Watu wa kule huuza ufuta wao kwa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka gunia kwenye AMCOS yake, yaani chama chake cha msingi cha ushirika, AMCOS hupeleka ghala kuu, na chama kikuu cha RUNALI, chenye Ruangwa, Nachingwea na Liwale, huuweka mnadani kwa njia ya Soko la Bidhaa, TMX. Bei husomwa mbele ya wakulima wenyewe, nao hukubali au hukataa.

Karani wa ghala alikuwa kijana makini, kila gunia na saa yake ya kuingia. Tulikaa naye mezani tukilinganisha daftari lake na maswali ya Tokyo, na hapo nikaona jambo ambalo ningependa walimu wetu walifikirie. Aliandika: "Mzigo umefika saa tatu, umesubiri mizani masaa matatu." Shuleni tulifundishwa kwamba "masaa" ni kosa, kwamba saa ni saa hata zikiwa mia. Lakini bila hiyo "ma", Mjapani wangu angejuaje lipi ni wakati na lipi ni muda? Kijapani hakikubali kuzichanganya kabisa: sanji ni saa tatu ya kwenye saa, sanjikan ni muda wa saa tatu. Mtu wa ghalani, asiye na kamusi mezani, amejitengenezea tofauti hiyohiyo kwa sababu kazi inaihitaji. Mimi nitaendelea kuandika masaa kwenye ripoti zangu, na atakayenisahihisha nitampeleka Ruangwa akasimame kwenye mizani.

Jioni ile timu ya Namungo ilikuwa na mchezo nyumbani, uwanja wa Majaliwa, na mji mzima ulikuwa ukisema saa kumi kamili, saa kumi kamili. Jūji, nikamwambia karani. Tokyo ni jūji ya usiku, dada yule anajiandaa kulala. Karani aliuliza jambo nililokuwa bado sijalifikiria: kule tarehe inageuka saa ngapi kwa saa yetu?

Inageuka saa kumi na mbili jioni. Kwa Ruangwa ya mwezi wa sita, hapo jua linakaribia kuzama na misikiti inajiandaa kuadhini magharibi. Wazee wa pwani na wa huku bara ya Lindi, waliozoea kuhesabu siku kuanzia magharibi, wakisema usiku wa Ijumaa wana maana ya usiku unaotangulia Ijumaa, ule ambao kalenda ya ofisini bado inauita Alhamisi. Saa moja ya usiku huo, Tokyo imeshakuwa Ijumaa, gozen ichiji. Kwa hiyo mzee wa Ruangwa anayehesabu siku kwa adhana yuko kwenye siku moja na Tokyo, na mimi mwenye kalenda ya ofisi niko nyuma. Wajapani wenyewe wana namna ya kuikaidi tarehe hiyo: ratiba zao za televisheni huandika kipindi cha saa moja baada ya usiku wa kati kuwa saa ishirini na tano, ili Alhamisi iendelee hadi watu walale. Kwa anayepanga meli, hapa ndipo pa kuwa na uangalifu. Namba ya saa haitakudanganya, tarehe itakudanganya. Tangu siku hiyo kila miadi ninayoandika baada ya saa kumi na mbili jioni naiwekea tarehe mbili.

Asubuhi iliyofuata ujumbe uliingia kutoka Tokyo. Wanataka waone kwa video magunia yakipakiwa. Asatte no sanji goro. Nilimsomea karani, nikamwambia: kesho kutwa, saa tatu hivi.

"Yao au yetu?"

"Ni ileile. Tarehe pia ni ileile, maana ni asubuhi."

Akaandika kwenye daftari, akampigia dereva wa lori kumwambia awe getini saa mbili na nusu. Alipokata simu akauliza asatte ni nini hasa. Nikampangia: juzi ni ototoi, jana kinō, leo kyō, kesho ashita, kesho kutwa asatte.

"Na mtondo?"

"Shiasatte."

"Na mtondogoo?"

Neno lipo, yanoasatte, lakini Wajapani wenyewe hutofautiana mkoa kwa mkoa kama ni siku ya tatu au ya nne. Nikamwambia hilo nitamuuliza dada wa Tokyo kesho kutwa, lori likishajaa.